Kutoka Kibera Mpaka Kawangware kwa Kutazama Ndege

Ndugu mkulima, yafaa nianze kwa kukuomba radhi. Gazeti hili kwa kawaida hukuletea habari za mbegu, mbolea, bei ya maziwa na magonjwa ya ng'ombe. Leo nataka kukutembeza katika mitaa ya Nairobi, mahali ambapo ni shida kupata robo ekari ya kulima. Tena sitakuonyesha majumba makubwa wala maduka. Nitakuonyesha ndege. Tafadhali usigeuze ukurasa. Tutakapofika mwisho wa safari utaona ya kuwa habari hii yahusu shamba lako, hasa kama shamba hilo limo katika skimu, lina kijito upande wa chini na miti michache mpakani.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipanga katika faili, na kupiga chapa majibu ambayo Afisa ameniagiza. Barua zinazotaja ndege si chache, na karibu zote huuliza neno moja tu: dawa gani itawaua? Sijapata kuiona barua inayouliza, "Ndege hawa ni wa namna gani, nao wafanya nini shambani mwangu?" Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu hapendi kuona jibu limetangulia swali. Kwa hiyo nimejizoeza, siku ya mapumziko, kuzunguka kwa miguu na daftari mfukoni nikiandika ndege niwaonao. Njia niipendayo kuliko zote ni hii ya kutoka Kibera mpaka Kawangware.

MAJINA MAWILI

Kabla hatujaondoka, fikiri kidogo juu ya majina ya mahali hapa pawili. Kibera ni neno lililotokana na "kibra" la Kinubi, na maana yake ni msitu. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walikaribishwa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini, nao walipaita kwa kile walichokiona. Kawangware nalo ni jina la Kikikuyu. Ndani yake mna neno "ngware", ambalo ni kwale, ndege yule anenepaye akikimbia kati ya mashina ya mahindi.

Basi jina la kwanza ni msitu, na la pili ni ndege. Shika hayo moyoni, twende.

VITU VYA KUCHUKUA

Huhitaji vingi. Anza mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana ndege hula na kuimba zaidi kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya kutembelea matopeni na nguo isiyong'aa. Chukua daftari na kalamu. Darubini ni kitu chema, lakini aliyekosa darubini asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Macho na masikio yatosha kwa kuanzia. Afadhali mwende wawili, na msalimu watu njiani. Mtu anayesimama katika kichochoro akitazama juu ya mabati bila kusema neno hudhaniwa kuwa mwizi au mpimaji wa ardhi, na wote wawili hawapendwi.

BWAWA LA NAIROBI

Twaanzia upande wa kusini-mashariki wa Kibera, kwenye Bwawa la Nairobi. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, na upana wake ulikuwa zaidi ya ekari 80. Watu walikuwa wakija kuendesha mashua za tanga hapo siku za Jumapili. Mto uliolijaza ni Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti na kupita msituni. Ukiisha kutoka bwawani huitwa Mto Ngong, nao huendelea kupitia eneo la viwanda.

Leo usitazamie kuona mashua. Maji machafu na takataka za miaka mingi yaliingia, na penye uchafu wa namna hiyo gugu-maji hustawi kama boga juu ya samadi. Gugu hilo lilienea likafunika uso wa maji, na tope likajaza chini. Baadaye hata watu wakaanza kulima juu ya tope hilo.

Lakini tazama. Ndege hawakuondoka wote. Yangeyange weupe wametapakaa juu ya majani. Kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi anachoma tope kwa mdomo wake uliopinda kama mundu. Kando ya mfereji amesimama fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia ambaye kichwa chake kina umbo la nyundo. Huyu hula vyura na samaki wadogo, na kiota chake ni rundo la vijiti kubwa mno, ambalo mtu mzima anaweza kusimama juu yake lisivunjike.

Nimeandika majina yao katika daftari, kisha nikaandika pia wale ambao sikuwaona. Sikumwona mdiria, yule mvuvi mwenye rangi ya buluu. Mdiria hutaka maji ambayo jicho laweza kupenya mpaka kwa samaki. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza, mkulima: si hesabu ya ndege tu inayosema, bali ni ndege wa namna gani waliobaki. Kwarara na yangeyange waweza kuishi penye tope. Mdiria akihama, maji yamechafuka, hata kama hujayapeleka kupimwa.

KATIKATI YA KIBERA

Twapanda sasa kuelekea Laini Saba, tukivuka reli ile ya zamani iendayo Kisumu. Nyumba za mabati zimesongamana pande zote mbili, na wachuuzi hutandika bidhaa zao karibu kabisa na reli. Mtu aweza kudhani hapa hapana ndege. Inua macho. Juu kabisa mwewe wanazunguka, mikia yao imegawanyika kidogo mwishoni kama mkia wa samaki. Mwewe wa Nairobi ni hodari, tena hana haya. Nimemwona akishuka mbele ya kioski akachukua kipande cha nyama mkononi mwa kijana, na kijana akabaki na chumvi tu.

Kwenye jalala amesimama marabu, korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko wa ngozi shingoni. Watu humcheka kwa sura yake. Nami nakuambia, kama angekuwa mtumishi wa halmashauri, angepewa nishani. Hula mizoga, utumbo na mabaki ambayo yangeoza na kuleta nzi. Kabla ya miji kuwa mikubwa hivi kazi yake ilikuwa kufuata mizoga mbugani, na tena kula nzige. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, wakulima wa kaskazini waliungwa mkono na jamaa hawa bila kuwaita.

Mtaa wa Makina mzee mmoja Mnubi alikuwa ameketi mlangoni pake akinitazama nikiandika.

"Hujambo, mwanangu. Umepotea?"

"Sijambo, mzee. Sijapotea. Natazama ndege."

Alicheka, akaniambia nikae. "Babu yangu alitusimulia kwamba hapa jua lilikuwa likichelewa kufika chini kwa ajili ya miti. Leo ukitaka kivuli cha mti mkubwa, nenda makaburini. Huko hawakati, kwa kuwaogopa waliolala."

Nilikwenda, na kweli, nilipata njiwa, shore na pasa wenye mikia mirefu, zaidi ya niliowaona katika mitaa mingine yote ya asubuhi ile. Miti michache iliyoachwa kwa heshima ya wafu ndiyo nyumba ya ndege walio hai.

Mkulima wa skimu atapenda kujua hesabu hii ya ardhi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza Kibera kuwa hifadhi ya jeshi, nayo ilikuwa na ekari zipatazo 4,200. Miaka karibu mia moja ilipita bila wenyeji kuwa na hati. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Ardhi haikosi kupungua isipolindwa, iwe ya askari, iwe ya mkulima, iwe ya ndege.

MSITU ULIOBAKI

Tukifika upande wa magharibi wa Kibera, ng'ambo ya Southern Bypass, twaona msitu wenyewe, ule uliopewa mtaa jina. Ni Msitu wa Barabara ya Ngong. Ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zipatazo 2,900. Kipande hiki kikachukuliwa kwa hili na kile kwa lile, na leo hata nusu yake haikubaki. Ukitaka kuingia ndani, pita langoni na ufuatane na askari wa msitu. Mimi siku nyingi husimama pembeni tu.

Hapo pembeni sauti hubadilika. Nyuma yangu nasikia redio na pikipiki, na mbele yangu nasikia shorobo. Huyu ni ndege wa kijani asiyeonekana mpaka aruke, na akiruka mbawa zake hufunguka nyekundu kama kitambaa kipya. Hula matunda ya miti ya msitu, na mbegu huziangusha mbali na mti mama. Hivyo yeye ni mpanda miti, wala hadai mshahara.

Nilikuwa huko mwishoni mwa mwezi Machi, nikamsikia pia kekeo mwenye kifua chekundu. Wengi wenu mwamjua kwa sauti hata kama hamjamwona: sauti tatu zinazoshuka, akizirudia tangu alfajiri mpaka jioni. Kote katika nyanda za juu watu husema kwamba anaita mvua. Ukweli ni kwamba huimba sana wakati wa kuzaa, na huzaa wakati wa mvua, kwa sababu hapo viwavi huwa tele. Tena ni mvivu wa kujenga. Hutaga katika viota vya ndege wengine, nao humlelea. Ukimsikia, si vibaya kunoa jembe. Lakini kabla hujatia mbegu ya bei ghali udongoni, sikiliza pia Idara ya Hali ya Hewa.

KWENYE UWANJA WA MAONYESHO

Kutoka hapo twarudi kaskazini mpaka Jamhuri, kwenye uwanja wa Maonyesho ya Kilimo ya Nairobi. Huenda umepata kufika hapa kwa basi la chama cha ushirika, ukatazama madume ya ng'ombe na matrekta, ukala chipsi, ukarudi nyumbani. Siku ambazo hapana maonyesho, uwanja huu ni kimya na nyasi zake ni za ndege. Kwarara wa kijivu, wale wenye kelele kama mlango usiotiwa mafuta, hutembea kwa vikundi wakidungadunga ardhi na kutoa mabuu na funza. Mabuu hayo ndiyo yanayokata mizizi ya nyasi na mahindi. Ukimwona kwarara akifanya hivyo shambani mwako usimtupie jiwe. Anapalilia.

Karibu na barabara ya Ngong, juu ya mti wa simiti wa umeme, nilimwona tai mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopeperuka kichwani. Alikaa kimya karibu robo saa, kisha akajiangusha majanini na kuinuka na panya. Karibu chakula chake chote ni panya na jamaa zao. Katika mashamba ya juu yuko pia shakivale, mwenye mkia mwekundu na tumbo jeupe, ambaye hukamata hata fuko, adui wa viazi na karoti. Mkulima akimwona ndege wa aina hii husema, "Huyo amekuja kuchukua vifaranga," na kutafuta manati. Kuku mmoja huenda akachukuliwa, sikatai. Lakini pima kifaranga kimoja na gunia moja la viazi lililotobolewa na fuko.

Na hapa sharti nimtaje bundi. Najua wengi hawapendi hata kumsikia. Husema kwamba akilia juu ya paa mtu atakufa. Ndugu yangu, watu hufa vijijini ambako hapana bundi, na bundi hulia usiku mwingi bila mtu kufa. Anachokifuata juu ya paa lako ni panya walioko ghalani mwako. Bundi wawili wenye makinda hula panya mamia kwa mwaka mmoja, tena hufanya kazi hiyo usiku wakati wewe na paka wako mmelala. Ukimwua bundi, panya ndio watakaofanya sherehe. Na ukitega panya kwa sumu kali, bundi akamla panya yule aliyelewa sumu, umemwua askari wako pamoja na mwizi.

KAWANGWARE NA KWALE WAKE

Twavuka Barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, kisha twashika Barabara ya Naivasha iendayo Kawangware. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa, miti mingi ya pembeni ilikwenda. Lakini katika nyua zenye mikuyu iliyobaki utamsikia hondohondo, ndege mkubwa mweusi mwenye pembe juu ya mdomo, akipiga kelele kama mtoto aliyeshikiwa mkate. Hufuata matunda ya mkuyu. Mkuyu mmoja ukizaa waweza kulisha ndege wa kila namna kwa siku nyingi.

Katika mti mmoja wa gravilea karibu na nyumba za kupangisha niliona viota vingi vya kwera vikining'inia. Mwenye nyumba alisema ataukata mti, maana "hawa ndio wale wa mpunga." Sivyo. Adui wa mpunga, mtama na ngano ni kwelea, mwenye mdomo mwekundu, ambaye hutembea kwa makundi kama moshi, na huzaa katika vichaka vya miiba vya nchi kavu. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja hula tani 10. Ndugu zetu wa Mwea na wa mashamba ya Kano wanamjua, nao wana haki ya kumpiga vita. Lakini kwera wa manjano aliye karibu na nyumba yako huwalisha makinda yake wadudu. Ataonja mahindi yako, ndiyo, lakini si jeshi. Wapiga vita wenye akili humtambua adui kwanza ndipo wapige risasi.

Mwisho twateremka bondeni, kwenye Mto Nairobi. Mto huu hutoka kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, na kupita Dagoretti na Kawangware kabla ya kufika katikati ya jiji. Kando yake watu wamepanda nduma, sukuma wiki na nyasi za nepia. Nyanya mmoja alikuwa akikata nyasi za ng'ombe wake, nami nikamsalimu na kumwuliza kama kwale wangali wapo.

Alisimama, akaegemea mgongo wake kwa mkono. "Kwale? Mjukuu wangu, nilipoolewa hapa walikuwa wakifukua mbegu zetu tukawa tunaweka watoto walinde. Sasa watoto wangu wamekuwa wazee na sijamsikia kwale miaka mingi. Hapakuwa na vita. Tuligawana tu."

Maneno yale, "tuligawana tu," nimeyaandika katika daftari kwa herufi kubwa. Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipopanuliwa na kuingiza Dagoretti, Kawangware ilikuwa nchi ya mashamba. Baba aliwagawia wanawe, na wana wakawagawia wana wao. Ua wa mipakani uliokuwa na vichaka ukatolewa ili kupata hatua mbili. Nyasi ndefu zikafyekwa. Kisha ilikuja mistari ya vyumba vya mabati. Hakuna mtu mmoja aliyemfukuza kwale. Kila mtu alichukua mahali padogo pa kujificha, mpaka pote pakaisha. Jina ndilo lililobaki, limeandikwa juu ya matatu.

YALIYOTUPATA NYUMBANI

Sasa nakuambia jambo ambalo silitaji sana ofisini. Babu yangu alipata shamba katika skimu baada ya Uhuru, siku za mpango wa Ekari Milioni. Chini ya shamba palikuwa na kinamasi chenye mafunjo, kama nusu ekari, na chemchemi ndogo isiyokauka. Kila mwaka korongo taji wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, walitaga hapo. Babu hakuwagusa. Alikuwa akisema kwamba wao walikuwako kabla ya Bodi ya Ardhi.

Babu alipokufa shamba likawa la baba. Nami nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani na vitabu vyangu, nikamwambia, "Baba, nusu ekari yetu imelala bure. Tuchimbe mfereji, tukaushe, tupande kabichi." Baba alisita, lakini mimi ndiye niliyesoma. Tukachimba. Mwaka wa kwanza kabichi zilikuwa kubwa, na watu walikuja kututazama. Mwaka wa pili zilikuwa nzuri kidogo. Mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, chemchemi ilikauka kwa mara ya kwanza, na mama akaanza kuteka maji mbali, mtungi mmoja saa nzima kwenda na kurudi. Korongo walikuja mara moja tu baada ya mfereji. Walisimama katikati ya kabichi siku mbili, kisha wakaondoka.

Baba hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Tangu siku hizo tumeuziba mfereji, na tumepanda upya mafunjo na nyasi za maji. Chemchemi imerudi, si kama zamani, lakini mama hateki tena mbali. Korongo hawajarudi. Mwaka 2012 wataalamu wa ulimwengu waliwaweka korongo hawa katika orodha ya ndege walio hatarini kuisha, na sababu mojawapo kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi. Niliposoma habari hiyo, sikuhitaji kuuliza ni nani wanaovikausha.

Ndiyo sababu naipenda njia hii ya Kibera na Kawangware. Yanionyesha mbele ya macho yangu mwisho wa mambo ambayo katika skimu zetu ndiyo kwanza yanaanza. Shamba la ekari 15 lililogawanywa kwa wana watano ni ekari 3. Wana hao nao wana watoto. Sikuambii usiwagawie wanao, maana ni haki yao. Nakuambia kwamba kuna mahali pachache shambani ambapo mkigawana mpatoe nje ya hesabu: chemchemi, ukingo wa mto, na ua wa mpakani.

Wakulima wa Kinangop wana sababu zaidi ya wengine. Katika nyasi zao za mashungi huishi ndege mmoja mdogo wa kifua cha manjano, mwenye ukucha mrefu wa nyuma, aliyepewa jina la Bwana Sharpe. Ndege huyu haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na nyasi zile zikilimwa zote hana pa kuhamia. Mkulima anayeacha kipande cha malisho bila kukilima anawalisha kondoo wake, na papo hapo anaweka kitu ambacho dunia nzima haina.

MASHAURI YA KUKUMBUKA

1. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Acha ukanda wa angalau mita 6 wa nyasi na miti ya kienyeji, na kwa mto mkubwa zaidi ya hapo, hata mita 30. Wakazi wa mabonde ya Nairobi waliona katika mafuriko ya mwaka 2024 maji hufanya nini yakinyang'anywa njia yake.

2. Usikaushe kinamasi kabla ya kumwita Afisa wa Kilimo akakitazama. Mfereji huchimbwa kwa wiki moja, na chemchemi hurudi kwa miaka.

3. Acha ua wa miti hai mpakani. Hapo ndipo kwale hutaga, na upepo hupungukiwa nguvu.

4. Usiwawekee ndege sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala watu wametega ndege wa maji kwa dawa ya wadudu iitwayo karbofurani, kisha wakawauza kuwa kitoweo. Nyama ya namna hiyo ni sumu iliyopikwa.

5. Usimwue bundi wala kukata mti alalao. Ghala lisafishwe, mahindi yakaushwe sawasawa, na panya wenyewe mwachie yeye.

6. Kabla ya kuandika barua ya kuomba dawa, tazama ndege yule kwa siku tatu. Andika anakula nini, saa ngapi, wakiwa wangapi. Mtoto wa darasa la tano aweza kukusaidia, naye atafurahi.

Kama unapata nafasi ya kuja Nairobi, chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni mwaka 1909, kina desturi ya kuwatembeza watu kutazama ndege Jumatano asubuhi, wakianzia kwenye jumba la makumbusho. Ila si lazima uje mjini. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi wanakuamsha kila siku bila wewe kujua majina yao.

Kesho kutwa, ukiisha kukamua, usiingie nyumbani mara moja. Simama mpakani na kikombe chako cha chai mpaka jua litoke. Hesabu sauti. Ukimsikia kwale akiita katika ua wako, jua ya kuwa shamba lako lina kitu ambacho Kawangware imebaki nacho kwa jina tu.